Mbwa wako anatembea mshazari? Mchanga utakuumbua

Hiyo video umeiona. Hata kama hukuitafuta, simu ilikuletea yenyewe. Mbwa anatembea kando ya mguu wa mwenyewe utadhani wameunganishwa na gundi. Mtu akipinda kulia, mbwa anapinda. Akisimama, mbwa anaketi papo hapo. Muda wote macho yako juu kwa bosi wake, na huoni kamba ikivutwa wala husikii mtu akipiga kelele.

Ukaweka simu mfukoni, ukamtazama mbwa wenu pale nje. Tumwite Simba, maana kila mtaa una Simba wake. Ukamfunga kamba shingoni, ukamwambia twende. Simba akavuta kuelekea kwa bucha. Wewe ukavuta upande wako. Mwishowe mkafika kwa bucha, wewe ukiwa nyuma, na watoto wa jirani wakakucheka wiki nzima.

Pole. Lakini usikate tamaa, kwa sababu ile video haina uchawi. Ni kazi ya dakika chache kila siku, na inawezekana na mbwa wa kienyeji, bila mwalimu wa kulipwa na bila vifaa vya dukani. Kama uko Turkana, una hata kitu ambacho wengi wenye mbwa wa bei kule Nairobi hawana: mchanga mwingi unaotunza nyayo. Tutafika huko.

Huu ni mchezo gani?

Kwenye mashindano ya utiifu wa mbwa, kutembea ubavuni ndilo zoezi linalobeba alama nyingi. Chukua mfano wa Marekani, ambako majaribio ya kwanza ya aina hii yalifanyika mwaka 1933. Kwa wanaoanza, jumla ya alama ni 200. Kutembea ubavuni mbwa akiwa na kamba kuna alama 40, na bila kamba alama nyingine 40. Yaani 80 kati ya 200 ni za kutembea tu! Uingereza nao wana mashindano ya utiifu kwenye maonyesho makubwa ya Crufts tangu 1955.

Mbwa hukaa upande wako wa kushoto. Sehemu yake kuanzia kichwa hadi bega inalingana na nyonga yako. Mwili wake unanyooka kuelekea kule unakoelekea wewe. Jaji anakuamuru utembee mwendo wa kawaida, wa polepole na wa haraka, upinde kushoto, upinde kulia, ugeuke nyuma, usimame. Ukisimama, mbwa anaketi bila kuambiwa. Kamba ikikaza unakatwa alama. Mbwa akikutangulia, akibaki nyuma, akikubana mguu au akikaa mbali, unakatwa. Na akitembea mshazari, kichwa kwako na makalio yakielekea nje kama gari lililopinda chesisi, unakatwa vilevile.

Kwa nini kushoto? Husemwa kwamba wawindaji walishika bunduki mkono wa kulia, hivyo mbwa akaachiwa upande wa pili. Mzee wa Kiturkana hatahitaji maelezo hayo. Mkono mmoja umeshika fimbo na ekicholong, kile kigoda chake cha kukalia na kulazia kichwa. Lazima upande mmoja ubaki wazi.

Turudi Kapedo

Sasa utauliza, mambo ya alama na majaji yanamhusu nini mtu wa Kapedo?

Kapedo iko pale mpakani mwa Turkana na Baringo, karibu na volkano ya Silali. Ina chemchemi za maji moto yanayoporomoka kama maporomoko mengine yoyote, ila haya yanatoa mvuke. Ni mahali pazuri ambapo wengi wetu tumepasikia kwenye habari za risasi pekee, kama zile za mwaka 2014 polisi wengi walipoviziwa na kuuawa. Mahali kama hapo, mbwa ni kengele ya boma. Akibweka usiku, watu wanaamka.

Kukipambazuka, ile kengele inageuka kuwa kero. Hakuna anayemshika. Anazurura sokoni, anasubiri mbuzi achinjwe, anapigwa mawe, anarudi jioni. Ana boma analolilinda, lakini ukiuliza ni wa nani hasa, kila mtu anamwonyesha mwenzake. Hali ni hiyohiyo Lodwar na Kakuma, na ukitaka ukweli, hata Kayole na Kawangware.

Hapo ndipo maisha ya watu yanapoingia. Kuna magonjwa mawili ambayo mbwa asiyeshikika huyaleta nyumbani.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, hutokana na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunazika watu. Serikali iliweka mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia mwaka 2030, na nguzo yake ni moja: angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Lakini utamchanja vipi mbwa ambaye hakuna aliyewahi kumgusa?

La pili linaijua Turkana vizuri kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Ni ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoletwa na mnyoo mdogo sana wa mbwa. Mbwa akila ini au mapafu mabichi ya mbuzi mwenye vifuko vya ugonjwa huo, mnyoo unakua tumboni mwake. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya na udongo, kisha yanaingia kinywani mwa mtu kupitia mikono, maji au chakula. Ndani ya mtu kinaota kifuko kinachokua polepole kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, na wengi huishia kupasuliwa. Mwaka 1983 mpango wa kupambana nao ulianza kaskazini-magharibi mwa Turkana ukiongozwa na AMREF, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa hii: kuwapa mbwa dawa ya minyoo, mmoja mmoja, kila baada ya wiki sita.

Fikiria hiyo kazi. Mbwa mia, jua kali, kidonge mkononi. Yule anayekuja akiitwa na kusimama kando ya mtu wake anapata dawa kwa dakika moja. Yule anayekimbia anabaki na mnyoo wake, na wewe unabaki naye bomani.

Kwa hivyo Simba akijua kutembea ubavuni, hatakuwa amejifunza sarakasi. Atakuwa mbwa anayeshikika. Alama za jaji zitakuja juu ya hapo.

Kabla hujaanza

Anza na mfuko wa zawadi. Mbwa anafanya kazi kwa malipo kama wewe. Unahitaji vipande vidogo, ukubwa wa punje ya hindi, vya kitu anachokipenda kwelikweli. Samaki mkavu wa Ziwa Turkana anapatikana sokoni Lodwar. Mtoe miiba, na usichukue aliyejaa chumvi. Nyama iliyochemshwa ni safi. Ugali mkavu uliolowekwa kwenye mchuzi pia unapita kwa mbwa mwenye njaa.

Ila sikiliza vizuri: usimpe ini wala mapafu mabichi. Najua bucha atakupa bure. Najua Simba atakuimbia. Ndiyo njia hasa ya ule mnyoo niliokuambia. Kama ndicho kitu pekee ulicho nacho, kichemshe hadi kiive kabisa mpaka ndani. Na ukimaliza mazoezi, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula chako au mtoto.

Pili, kamba laini ya mita moja na nusu hivi na mkanda wa shingo usiobana. Vidole viwili vipite chini yake. Waya na cheni ya kukaba, acha. Mbwa anayeogopa maumivu hakutazami usoni, anaangalia mlango wa kutokea.

Tatu, saa. Huku jua halina huruma. Fanya mazoezi alfajiri, kabla ardhi haijapata moto. Weka kiganja chako chini uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, basi nyayo za Simba nazo zitaungua. Jioni pia ni sawa kama eneo lenu ni tulivu, lakini maeneo kama Kapedo usikubali giza likukute nje kwa sababu ya mbwa. Beba maji. Akianza kuhema kwa nguvu na ulimi umetoka wote, funga kazi, mtafutie kivuli.

Nne, mahali. Chagua penye utulivu, na ukague miiba ya mathenge. Mwiba mmoja ukiingia kwenye wayo, mbwa atachechemea na wewe utadhani ni kiburi. Kila siku ukimaliza, inua miguu yote minne uiangalie. Hilo nalo ni somo, kwa sababu anazoea kushikwa.

Wiki ya kwanza: macho

Usitembee bado. Ndiyo, umesoma sawa.

Simama, mbwa akiwa mbele yako. Shika kipande cha samaki kwenye ngumi na unyooshe mkono pembeni. Simba ataitazama ngumi, atailamba, ataikwaruza. Wewe nyamaza. Itafika sekunde atachoka na kukutazama usoni akijiuliza, huyu vipi? Hapo hapo sema "Safi!" kisha mpe. Neno litangulie, chakula kifuate. Baada ya siku mbili tatu atakuwa amegundua siri kwamba njia ya kufika kwenye samaki inapita machoni pako.

Halafu ongeza muda. Akutazame sekunde moja, kisha mbili, kisha tano. Usiruke kutoka mbili hadi ishirini kwa sababu jana alifanya vizuri. Mazoezi yawe ya dakika mbili au tatu, mara mbili kwa siku. Acha akiwa bado anataka zaidi.

Akishaweza, msogeze kushoto kwako, mwelekee upande mmoja, na urudie. Hapo ndipo unaingiza neno la amri. Mimi napendekeza "Mguu!" Ni fupi na halitamkwi ovyo sokoni kama "kuja" au "twende". Wajerumani, ambao hawana mchezo kwa mbwa, wanatumia neno lao lenye maana hiyo hiyo.

Wiki ya pili: hatua moja

Sema "Mguu!" Piga hatua moja. Akija nawe akiwa anakutazama, sema "Safi!" na umpe. Simama. Tena hatua moja.

Watu wengi wanaharibu mchezo hapa. Wanapiga hatua kumi siku ya kwanza, mbwa anapoteza umakini kwenye ya nne, nao wanaanza kumvuta. Hatua moja iliyonyooka ina thamani kuliko kumi za fujo. Ukifikisha tatu safi, jaribu tano. Akikosea, rudi kwenye mbili, hakuna aibu.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo linaloamua kama Simba atanyooka au la: zawadi itoke mkono wa kushoto. Ukimlisha kwa mkono wa kulia, unapitisha chakula mbele ya tumbo lako. Pua ya mbwa inafuata chakula, kichwa kinakuja mbele yako, na makalio yanatupwa nje. Unamfundisha mshazari kwa mkono wako mwenyewe, halafu unamlaumu yeye. Mkono wa kushoto ushuke sambamba na mshono wa suruali, chakula kitue moja kwa moja juu ya pua yake, nyuma kidogo ya goti lako. Mbwa hukaa pale anapolipwa.

Kama mbwa wako ni mfupi, usimlazimishe akutazame usoni hadi shingo ipinde. Mwache atazame kiwiko au kiganja chako cha kushoto. Bado macho yako kwako.

Wiki ya tatu: sehemu ya nyuma

Kuna jambo wengi hawalijui. Mbwa anajua vizuri miguu yake ya mbele iko wapi. Ya nyuma inamfuata tu, kama trela. Ukitaka anyooke, ni lazima umfundishe kwamba ana miguu ya nyuma na anaweza kuipeleka atakako.

Tafuta karai la zamani, lipindue. Jiwe bapa au tairi la boda boda pia linafaa. Mwite Simba aweke miguu miwili ya mbele juu yake, kisha mlipe. Akizoea, simama kando yake akiwa kushoto kwako, kisha ujigeuze kidogo kidogo kuelekea upande wake. Miguu ya mbele imebaki juu ya karai, hivyo njia pekee ya kuendelea kuwa sambamba nawe ni kuzungusha ya nyuma. Akisogeza hata unyayo mmoja, "Safi!" Baada ya siku kadhaa utamwona akizunguka kama mshale wa saa. Kisha ondoa karai ufanye mizunguko hiyo chini.

Zoezi la pili ni ukuta. Ukuta wa shule, wa kanisa, hata wa mabati. Mbwa awe katikati yako na ukuta, nafasi ya kumtosha bila kumbana. Makalio hayana pa kwenda. Tembea hatua tano, mlipe, rudi. Usitumie ua wa mathenge, tafadhali.

La tatu ni kutembea duara ukipinda kushoto, upande wa mbwa. Ukimwingilia taratibu, inabidi avute sehemu ya nyuma ndani ili akupishe. Duara la kulia linafundisha kinyume: linamfanya aongeze mwendo asibaki nyuma. Unayahitaji yote mawili, lakini kwa mbwa wa mshazari anza na la kushoto.

Jaji wako ni mchanga

Sasa ndiyo ile siri ya Turkana.

Mjini, mtu akitaka kujua kama mbwa wake ananyooka, anahitaji kioo kikubwa au rafiki wa kumpiga video. Wewe una lagga. Kawalase pale Lodwar, Tarach pale Kakuma, au mkondo wowote mkavu karibu nanyi. Nenda alfajiri kabla mbuzi hawajapita. Kama kuna mvua milimani, usishuke kabisa, kwa sababu maji ya lagga hayapigi hodi.

Chora mstari mrefu kwa fimbo, hatua ishirini hivi. Simama juu yake, mbwa kushoto, "Mguu!" na utembee mwendo wa kawaida. Tazama mbele kwenye kichaka au jiwe la mbali. Ukimtazama mbwa muda wote, bega lako linapinda, nawe unatoka kwenye mstari, naye anakufuata.

Ukifika mwisho, geuka usome.

Anza na nyayo zako. Ziko kando ya mstari au zimeyumba kama za mlevi? Nusu ya mshazari wa mbwa huwa ni mshazari wa mwenyewe. Kisha soma za Simba. Mbwa anayetembea akiwa amenyooka huacha nyayo za nyuma kwenye mfuatano mmoja na za mbele, zikikanyagana au kukaribiana. Mbwa wa mshazari anaacha njia mbili: za mbele upande huu, za nyuma zimehama kushoto. Pia utaona pale umbali kati yenu ulipoongezeka, na mara nyingi utakumbuka ni kwa nini. Hapo ndipo uliposahau kumlipa. Pale ndipo mbuzi alipolia.

Ustadi huu hatujaubuni leo. Mchungaji aliyepoteza ngamia usiku husoma mchanga na kukuambia amepita lini na anachechemea mguu upi. Mwombe mzee yeyote akusomee nyayo za mbwa wako. Atakuonyesha makosa ambayo hukuyaona, na huenda ikawa mara yake ya kwanza kumtazama huyo mbwa kwa heshima.

Futa mstari, chora mwingine, rudia mara tatu. Basi, inatosha kwa siku.

Vurugu za mtaa

Simba wa kwenye lagga tulivu si Simba wa sokoni. Usimtoe huku ukampeleka kule siku hiyo hiyo. Panda ngazi: kwanza lagga, kisha nje ya boma, kisha kando ya barabara boda boda zikipita mbali, kisha karibu zaidi. Kila ukipanda ngazi, punguza hatua na uongeze malipo. Bucha iwe ya mwisho kabisa.

Chakula nacho kipunguze kwa akili. Akiweza hatua ishirini, mlipe wakati mwingine kwenye ya nne, wakati mwingine ya kumi na tano, wakati mwingine mwishoni kabisa. Asijue ni lini. Uwanjani kwenye mashindano hutaruhusiwa kumlisha, kwa hivyo azoee kufanya kazi kwa mkopo.

Na uwaheshimu majirani. Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ina watu kutoka nchi nyingi. Wengi ni Waislamu ambao mate ya mbwa huwalazimu kujitakasa kabla ya swala. Wengine walikimbia vita na mbwa wa walinzi bado wanawatisha. Ukimwona mtu anasita, mhamishe mbwa upande wa mbali, mwite "Mguu!" na umpishe. Shikamoo au salamu aleikum haigharimu kitu. Mbwa anayekutazama wewe hana haja ya kumnusa mtu kanzu.

Watoto nao wafundishe. Mbwa anayefanya mazoezi hapigwi mawe wala hashikwi mkia. Kijana mmoja mtundu mpe kazi ya kuhesabu hatua. Kesho atakuwa mlinzi wako.

Siku ya chanjo

Halafu siku moja utasikia kwamba wahudumu wa mifugo watakuja kuchanja mbwa. Mara nyingi huwa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini uliza ofisi ya mifugo ya eneo lenu, usingoje tangazo. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu. Ulizia pia dawa ya minyoo ya mbwa, prazikwanteli, na ni kila baada ya muda gani Simba wako aipate.

Utaona foleni ya vituko. Mbwa wamefungwa kwa waya, wanaburutwa, wanang'ata wenyewe. Wengi hawakuletwa kabisa kwa sababu hawashikiki. Wewe utafika na kamba iliyolegea. "Mguu." Atakaa. Utamshika taya na kumtazama machoni, kama mlivyofanya mara elfu, na sindano itapita kabla hajajua.

Ikitokea umeng'atwa na mbwa yeyote, hata mdogo, hata wa kwenu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Na mashindano je?

Kama umenogewa, Kenya ina klabu ya siku nyingi, East Africa Kennel Club, inayoandaa maonyesho ya mbwa jijini Nairobi. Kabla hujamnunulia Simba tiketi ya basi, wasiliana nao uulize kama mbwa wa kienyeji asiye na cheti cha ukoo anapokewa kwenye utiifu. Usiogope kuuliza. Marekani yenyewe ilifungua mlango kwa mbwa mchanganyiko kwenye mashindano ya klabu yake kuu mwaka 2010 tu. Na kuna kazi pia: polisi wetu wana kitengo cha mbwa tangu 1948, na siku hizi mbwa wa kunusa wanasaidia kupambana na uwindaji haramu. Kijana anayejua kumsoma mbwa ana la kusema kwenye usaili kama huo.

Lakini hata usipofika Jamhuri, unaweza kuandaa yenu. Mistari miwili kwenye mchanga, mbwa wanne wa mtaa, mzee mmoja wa kusoma nyayo, na zawadi ya sufuria ya mchuzi. Sharti la kuingia liwe moja: onyesha cheti cha chanjo.

Mbwa asiye na mtu kando yake anaitwa koko, na koko hana wakili. Ugonjwa ukizuka, yeye ndiye wa kwanza kuuawa. Simba wako akipita sokoni bega lake likiwa kwenye nyonga yako, hakuna atakayeuliza ni wa nani.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, basi. Vipande kumi vya samaki, dakika mbili, na usitembee bado. Mngoje akutazame.